Kuingiza sevisi ya mashine ndani ya ratiba ya uzalishaji: mfano wa kiwanda cha alizeti

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti mkoani Singida. Meneja alikuwa na ratiba ya oda, fundi naye ana daftari la sevisi, na hawakuwahi kukaa meza moja. Zikigongana, oda ndiyo inapita na sevisi inasogezwa, mpaka beringi inakufa mwezi wa sita, mbegu zimejaa ghalani.

Hatua ya 1: Hesabu saa, usihesabu tarehe

Funga mita ya saa, yaani kifaa kinachohesabu saa ambazo mashine imefanya kazi, kwenye mashine ya kukamua. Opereta aandike namba kila mwisho wa zamu.

Hatua ya 2: Tumia jedwali moja

Oda na sevisi zikae kwenye jedwali moja la Excel, au ubao mmoja ukutani. Programu za gharama siziungi mkono kwa kiwanda chenye mashine mbili tatu. Sevisi iandikwe kama oda: ina saa zake, watu wake na spea zake. Spea zisipokuwa stoo, hiyo sevisi bado haijapangwa.

Hatua ya 3: Ipe kila sevisi dirisha

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu.

Tuseme sevisi ni kila saa 250. Ruhusu asilimia 10 kila upande: ifanyike kati ya saa 225 na 275. Hilo ndilo dirisha. Mashine inakamua kilo 400 za mbegu kwa saa, na imekuja oda ya tani 20. Hiyo ni kazi ya saa 50. Mita ikisoma 210, anza oda. Itaisha kwenye 260, bado uko ndani ya dirisha, na sevisi utaifanya kabla ya oda inayofuata. Mita ikisoma 240, oda itaisha kwenye 290. Hapo fanya sevisi kwanza, hata kama mteja yuko getini.

Kwa nini usisimamishe tu katikati ya oda? Kwa sababu mashine ikizimwa na mzigo ndani, mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yanapoa na kuganda kwenye chumba cha kukamulia, na kuyatoa ni kazi ya patasi na nyundo. Kila kusimama kuna gharama ya kumaliza mzigo, kusubiri chuma kipoe, kisha kupasha moto upya. Weka saa hizo zote kwenye jedwali. Fundi akisema "kazi ya saa mbili", anahesabu spana tu.

Mambo matatu ya kuangalia:

- Ukifanya sevisi kwenye saa 260, inayofuata ni 510, si 500.
- Dirisha halihusu grisi ya kila siku wala kitu chochote cha usalama. Hivyo havisogezwi.
- Kama mtengenezaji ametaja kikomo, dirisha lako liishie hapo hapo.

Hatua ya 4: Kusanya kazi ndogo

Mashine ikishasimama, kaza mikanda, badilisha vitambaa vya chujio, angalia oili ya giaboksi. Umeme ukikatika ghafla, itumie nafasi hiyo pia, ila toa kwanza mzigo uliobaki ndani. Na kabla mtu hajaingiza mkono, swichi kuu ifungwe kwa kufuli na ufunguo uwe mfukoni mwa fundi. Umeme haupigi hodi unaporudi.

Hatua ya 5: Kazi kubwa zisubiri ghala tupu

Kubadilisha skrubu ya kukamulia (ule mhimili wa ndani unaosukuma na kuminya mbegu) na kufungua giaboksi kuwekwe kabla ya mavuno, ambayo Kanda ya Kati huanza kama mwezi wa tano. Skrubu mpya ilishwe mashudu kwanza mpaka ing'ae, ndipo mbegu ziingie taratibu.

Hatua ya 6: Sikiliza mashudu

Skrubu ikilika, mafuta mengi hubaki kwenye mashudu. Yakianza kulowesha gunia huku mbegu na joto ni vilevile, iwahishe tarehe ya kuibadilisha, mita iseme inachosema.