Mbaazi tele, tui kiasi

Wenzangu wa Lamu, mkipika mbaazi za nazi msipunguze mbaazi, punguzeni tui zito. Mafuta ya nazi, sawa na samli, ni ya aina inayoganda yakipata baridi, na aina hiyo ndiyo hupandisha kolesteroli mbaya, yaani mafuta ya kwenye damu yanayoganda na kuziba mishipa, kuliko hata mayai ambayo watu wanayaogopa sana.

Mbaazi nazo zina nyuzinyuzi zinazolainika majini. Zikifika utumboni hunasa nyongo na kutoka nayo chooni, kwa hiyo ini linalazimika kuchota kolesteroli kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Kunde na bamia vilevile.

Mimi hupikia tui jepesi, lile zito natia kijiko tu mwishoni, na utamu upo. Aliyeandikiwa dawa na daktari aendelee nazo.