Jinsi ya kusoma ripoti ya pesa za kaunti kila robo mwaka bila kuchanganywa na asilimia

Juzi nilikuwa nasaidia kikundi kimoja cha kina mama wa wadi yetu, walitaka kujua pesa za zahanati zilienda wapi maana bajeti ilipitishwa na ukuta umesimama kwa linta. Swali kama hilo naulizwa kila wakati na sheria iko upande wako kabisa, kwa hivyo naandika hapa vile tulifanya.

Hatua ya 1: Jua tarehe

Sheria ni ile ya Kenya ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 166. Robo ikiisha, afisa anayesimamia pesa za idara ana siku 15 kupeleka ripoti kwa Hazina ya Kaunti. Hazina nayo inaziunganisha zote na kabla mwezi kuisha inapeleka kwa bunge la kaunti, nakala kwa Msimamizi wa Bajeti (Controller of Budget, anayeidhinisha pesa za umma zitolewe), Hazina ya Kitaifa na Tume ya Ugavi wa Mapato, na tena inatakiwa iitangaze kwa wananchi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, so tarehe zako ni mwisho wa Oktoba, Januari, Aprili na Julai. Weka alamu kwa simu.

Hatua ya 2: Pakua

Mimi huanza na ripoti ya Msimamizi wa Bajeti (cob.go.ke), si ya kaunti yenyewe. Ya kaunti mara nyingi imejaa picha za uzinduzi, hii nyingine ni majedwali tu na kaunti zote 47 zinapimwa kwa mizani moja. Zimepangwa kwa alfabeti, Baringo mwanzo, West Pokot mwisho. Usisomee kwa simu, enda saiba, majedwali yakikatika katikati utasoma safu ya afya ukidhani ni ya barabara.

Hatua ya 3: Andika namba zako mwenyewe

Hapa ndipo watu wanapotelea na hapa ndipo nataka ukae.

Kwanza, namba zinajumlishwa kutoka Julai. Ripoti ya nusu mwaka ni ya miezi sita yote, ile inayofuata ni ya miezi tisa. Tuseme idara ya afya ilipewa milioni 200 za maendeleo. Ripoti ya kwanza inasema imetumia milioni 10, ya pili 30, ya tatu 36. Ukiangalia hiyo 36 peke yake unaona kazi inasonga, lakini toa 30 na utaona miezi mitatu mizima imetumia milioni 6 tu. Kwa hivyo lazima uwe na ripoti iliyotangulia mkononi, ukiwa na moja tu hujaona kitu.

Pili, angalia ile asilimia imegawanywa kwa namba gani. Pesa hazitoki kwa mfuko wa kaunti mpaka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe, hiyo ni Katiba kifungu cha 228, kwa hivyo kuna pesa zilizopangwa, zilizotolewa na zilizotumika, na hizi ni vitu vitatu tofauti. Kama zilitolewa milioni 40 na zikatumika 36, mtu atasimama kwa mkutano akwambie tumefikisha asilimia 90. Ni kweli, 90 ya zilizotolewa. Ukigawa kwa bajeti ya mwaka unapata 18.

Tatu, na hii inakula watu hata wenye digrii, ni bajeti ya nyongeza. Katikati ya mwaka bunge la kaunti linaweza kupunguza zile milioni 200 ziwe 120. Sasa 36 imekuwa asilimia 30, na hakuna hata tofali moja lililoongezwa. Kwa hivyo kila robo andika ile bajeti iliyoidhinishwa pembeni ya matumizi, na ikibadilika piga mstari hapo uulize nani aliomba ipunguzwe.

Ukikuta matumizi yamezidi pesa zilizotolewa usikimbilie kusema wizi. Tangu sheria ya 2023 hospitali za umma zinabaki na pesa wanazokusanya na kuzitumia palepale. Uliza kwanza.

Pia tenganisha matumizi ya kawaida na maendeleo. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende maendeleo kwa kipindi cha miaka kadhaa, lakini kupanga ni kitu kimoja na kulipa ni kingine, na mishahara haikosi kulipwa. Halafu shuka mpaka jedwali la madeni ya wakandarasi, mara nyingi ukuta uliosimama unaelezwa hapo.

Mimi natumia daftari la mistari na kalamu. Excel ni sawa, lakini kikundi kikikaa pamoja daftari linaonekana na wote na mama asiye na simu kubwa anaweza kukurekebisha.

Hatua ya 4: Barua

Ripoti imepangwa idara kwa idara, mradi wako mmoja unaweza usitajwe. Tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Barua inaruhusiwa kwa Kiswahili, huhitaji kueleza sababu, na kuomba ni bure, unalipia nakala tu. Sisi tuliandika hivi: "Tunaomba nakala ya mkataba, cheti cha kila malipo na tarehe zake, kwa ujenzi wa zahanati yetu." Ukisema tu "tunaomba maelezo" utapewa maelezo. Peleka kwa mkono nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Barua pepe siiamini kwa hii kazi. Wana siku 21. Wakinyamaza inahesabika wamekataa, na una siku 30 za kwenda Ofisi ya Ombudsman, ile inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za serikali.

Hatua ya 5: Peleka bungeni

Ripoti ya nusu mwaka ndiyo ya kushika zaidi, kwa sababu Mkakati wa Fedha wa Kaunti, hati inayoongoza bajeti ya mwaka ujao, unafika bungeni kabla Februari 28 na maoni ya wananchi yanatakiwa kuchukuliwa. Peleka ile karatasi ya hesabu kwa mwakilishi wadi na nyingine kwa karani wa bunge, kwa maandishi.