Kupima kwa positroni matundu ya utando uliochomwa: usiruke kifuniko

Wiki hii nimekaa na mwanafunzi aliyepima utando wa silika uliotoka tanurini, akapata matundu makubwa kupita kiasi. Utando haukuwa na kasoro; aliruka kifuniko. Nilipoanza kazi hii, kosa hilohilo lilinila siku tatu.

Hatua ya 1. Choma utando mpaka kemikali iliyotiwa ili iache matundu iishe. Kata sampuli vipande viwili.

Hatua ya 2. Tumia mwale wa positroni (chembe kama elektroni, ila zenye chaji chanya) za polepole. Sodiamu-22, chanzo cha mionzi kinachotoa positroni, ikiwekwa moja kwa moja juu ya sampuli haifai: positroni zake, zenye nishati ya hadi MeV 0.54 (yaani keV 540; keV ni elektronivolti elfu), hupenya utando na kuzama kwenye silikoni iliyo chini.

Hatua ya 3. Chagua nishati. Kwa msongamano wa g/cm³ 1.2, keV 2 hufika wastani wa nanomita 100 hivi.

Hatua ya 4. Kifuniko. Tulia hapa. Ndani ya utando, positroni huweza kushikana na elektroni kuwa positroniamu. Ile ya aina ya otho (spini za chembe zake mbili zikielekea upande mmoja) huishi wastani wa nanosekunde 142 kwenye ombwe, na muda huo wa kuishi ndio tunaopima; ikiwa ndani ya tundu hugonga kuta na kufa mapema, na tundu likiwa dogo hufa upesi zaidi. Lakini matundu yakiungana hadi juu, positroniamu hutoroka, na mashine inakupa muda unaokaribia 142. Umepima ombwe la mashine. Kwa hiyo funika kipande kimoja kwa tabaka la silika isiyo na matundu, tena baada ya kuchoma. Ukifunika kabla, mvuke wa kemikali unakosa pa kutokea. Kifuniko chembamba mno huvuja, kinene mno hunasa positroni, hapo ongeza nishati. Kipande cha wazi nacho kipime: muda mrefu ukionekana kwake tu, matundu yameungana. Dirisha la kipimo nalo liwe pana, nanosekunde 500 au zaidi, usije ukakata mkia, yaani zile zinazoishi muda mrefu.

Hatua ya 5. Geuza muda kuwa ukubwa kwa modeli ya Tao-Eldrup, hesabu inayounganisha muda wa kuishi na ukubwa wa tundu: nanosekunde 2.2 ni nusukipenyo cha nanomita 0.3 hivi. Nusukipenyo kikizidi nanomita 1, tumia modeli iliyopanuliwa, inayohesabu pia kuoza kwa miale mitatu ya gama. Wapo wanaotosheka na upana wa mstari wa keV 511 (nishati ya miale ya gama inayotoka positroni na elektroni zikiangamizana) kwa kuwa ni wa haraka. Mimi siukubali peke yake. Unaonyesha kwamba kitu kimebadilika, ukubwa wa tundu hausemi.