Chomoa intaneti kwanza: namna ya kupima kifaa janja kabla nyumba haijakitegemea

Balbu unayoiwasha kwa simu mara nyingi haizungumzi na simu yako moja kwa moja. Amri hutoka kwenye simu, husafiri hadi kwenye seva ya kampuni (kompyuta yake iliyo mbali), kisha hurudi kwenye balbu iliyo mita mbili kutoka ulipoketi. Mambo yakiwa shwari, safari hiyo huisha upesi hata usiitambue. Hofu nyingi za nyumba za kesho zimejificha humo humo: nani anaamuru, nani anasikia, na itakuwaje seva ikizimwa.

Hayo yameshatokea. Mei 2016, Revolv, kitovu cha kuunganisha taa na kufuli kilichouzwa kwa takriban dola 300, kilikufa majumbani mwa watu kwa sababu seva zake zilifungwa. Vifaa vyenyewe vilikuwa vizima kabisa. Tarehe 7 Desemba 2021, hitilafu kwenye vituo vya data vya Amazon nchini Marekani iliwafanya watu washindwe kutumia kengele za mlangoni na roboti za kufagia kupitia simu zao. Kwa hiyo kabla ya kukipa kifaa kazi yoyote ya maana, kipime. Unahitaji kazi ya kama saa moja iliyogawanywa kwa siku mbili, karatasi na kalamu.

Jaribio lenyewe

1. Funga kifaa kama maelekezo yanavyosema, weka ratiba mbili (kwa mfano taa iwake saa 1:30 jioni na izimike saa 2:00 usiku), kisha kiache kifanye kazi siku nzima.

2. Siku ya pili, muda mfupi kabla ya saa ya ratiba ya kwanza, chomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta (kisanduku kinachogawa Wi-Fi). Ruta yenyewe iache ikiwaka. Hapa ndipo wengi hukosea: wanazima ruta nzima, na kwa kufanya hivyo wanaua pia mtandao wa ndani, hivyo hawawezi kujua kama simu ingekifikia kifaa bila kutoka nje. Kama ruta yako inatumia laini ya simu (kadi ya SIM), toa laini hiyo.

3. Zima data ya simu, bakiza Wi-Fi tu. Usipofanya hivyo, simu ikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti inaweza kuhamia kwenye data kimyakimya, nawe utadhani kifaa kimefeli kumbe simu ndiyo imekikimbia.

4. Subiri dakika 5, kisha jaribu mambo manne, kila jibu uliandike: kitufe cha mkono, programu ya simu, amri ya sauti, na ile ratiba ya kwanza.

5. Intaneti ikiwa bado imekatika, kizime kifaa kwenye umeme kwa dakika 1, ukiwashe tena, na usubiri ile ratiba ya pili. Vifaa vingi vilivyofaulu hatua ya 4 huanguka hapa. Havina betri ya kutunza saa. Vikizimika husahau wakati na kuuliza intaneti. Intaneti isipokuwepo, ratiba haianzi, au inaanza saa isiyo yake.

6. Rudisha intaneti na uhesabu dakika hadi kifaa kijiunge chenyewe. Kikikutaka ukisajili upya, kitakusumbua kila umeme ukikatika.

Kitufe cha mkono kikikataa, rudisha kifaa dukani siku hiyohiyo. Ratiba ikifaulu hata baada ya hatua ya 5, ujue imehifadhiwa ndani ya kifaa chenyewe, na hiyo ni dalili nzuri kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye boksi. Programu ikikataa huku ratiba ikikubali, kifaa kinatosha kwa taa ya sebuleni lakini hakifai kwa mlango wala kwa tahadhari ya friji ya dawa. Amri ya sauti itafeli karibu kila mara, kwa kuwa spika nyingi hupeleka sauti kwenye seva ili ieleweke. Usiihesabu kuwa kasoro, ila ukumbuke maana yake: maneno yako yanatoka nje ya nyumba.

Umeme ukirudi

Ndani ya programu tafuta mpangilio wa hali ya kifaa umeme unaporudi. Huwa kuna chaguo tatu: kiwake, kibaki kimezimwa, au kirudi kilivyokuwa. Hita na pasi viwekwe vibaki vimezimwa. Friji iwekwe iwake. Ukiliacha hili, mtengenezaji amekuamulia, na hajui umechomeka nini.

Plagi janja zinahitaji hesabu. Plagi ya ampea 10 kwenye volti 230 inabeba wati 2,300. Hita ya wati 2,000 inaonekana iko ndani ya kiwango, lakini mzigo wa saa nyingi karibu na ukomo huchosha viunganishi vya ndani hadi vishikane. Vikishikana, programu inasema kifaa kimezimwa huku umeme unapita. Kwa kitu kinachowaka kwa muda mrefu tunashauri usivuke asilimia 80, yaani wati 1,840. Pampu na friji huvuta umeme mara kadhaa zaidi pale zinapoanza, kwa hiyo ziachie nafasi kubwa zaidi.

Swichi janja za ukutani ni kazi ya fundi umeme. Muulize kwanza kama kisanduku cha swichi kina waya wa nyutro (unaorudisha umeme). Katika nyumba nyingi za zamani hakuna, na swichi zinazofanya kazi bila nyutro hupitisha umeme kidogo kwenye taa muda wote ili zenyewe ziendelee kuishi. Balbu za LED za wati chache zinaweza kupepesa au kuwaka hafifu usiku kucha. Usilaumu balbu.

Mtandao

Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi kwa kujaribu orodha ya majina na nenosiri za kiwandani, jozi 60 na ushei tu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyosaidia kuelekeza watu kwenye tovuti, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix hazikufikika kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Wenye kamera hawakujua lolote. Badilisha nenosiri kabla kifaa hakijaonja intaneti, zima WPS (kujiunga na Wi-Fi kwa kubonyeza kitufe) na UPnP (vifaa kujifungulia njia ya kufikiwa kutoka nje) kwenye ruta, na uruhusu kifaa kijisasishe. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, inawataka watengenezaji watangaze kifaa kitapewa masasisho ya usalama hadi lini. Itafute tarehe hiyo popote ulipo. Isipoonekana, chagua kifaa kingine.

Vifaa vyote viweke kwenye mtandao wa wageni wa ruta, mbali na kompyuta na simu zenu. Kuna mtego: mitandao mingi ya wageni huzuia vifaa visionane, kwa hiyo fanya jaribio la juu kabla ya kuvihamisha. Pia, vifaa vingi hutumia masafa ya Wi-Fi ya GHz 2.4 pekee. Kifaa kisipoonekana wakati wa kukisajili, zima GHz 5 kwa muda, kisajili, kisha uirudishe.

Kufuli na wazee

Usinunue kufuli janja lisilo na tundu la ufunguo wa kawaida, na ufunguo huo mpe mtu anayeishi nje ya nyumba. Weka betri za alkalini. Za kuchaji huwa na volti takriban 1.2 badala ya 1.5, na za lithiamu hushikilia volti karibu hadi mwisho kisha huporomoka ghafla. Kipimo cha kufuli husoma volti, hivyo kitakuambia chaji ipo hadi dakika ambayo mlango haufunguki.

Matumaini makubwa yako kwa wazee: taa inayowaka yenyewe mtu akiamka usiku, kihisi kinachomwita mtoto pale mama anapoanguka. Hapo tusibane mkono. Lakini kama kihisi kinapiga simu kupitia mtandao wa simu, uliza ni kizazi kipi cha mtandao (2G, 3G au 4G). Mitandao ya 3G ilipofungwa Marekani mwaka 2022, baadhi ya magari ya zamani yalipoteza huduma ya kuomba msaada baada ya ajali. Kila mwezi, tarehe ileile, bonyeza kitufe cha msaada na uhakikishe simu inaita.

Kukiondoa

Kabla ya kuuza au kutupa kifaa, kifute kwa kubonyeza kitufe cha kurejesha hali ya kiwandani, mara nyingi sekunde 10 hadi 15, kisha kiondoe pia kwenye akaunti yako. Fanya yote mawili. Ukifuta tu, mnunuzi anaweza kukwama kwa sababu kifaa bado kimesajiliwa kwako. Ukikiondoa kwenye akaunti tu, nenosiri la Wi-Fi linaweza kubaki ndani. Kikifa kabla hujakifuta, badilisha nenosiri la mtandao ambao kilikuwa kimeunganishwa nao.