Bwawa la kuogelea limegeuka kijani: anza na pH, si klorini

Wengi wakiona kijani hukimbilia klorini. Kwanza pima pH (kiwango cha uasidi wa maji) kwa kipimo cha matone. Ikifika 8.0, ni kama robo tu ya klorini inayoua vijidudu, kwenye 7.2 ni takriban theluthi mbili. Yaani unamwaga pesa majini.

Mfano huu ni wa bwawa la lita 50,000.

Pima ualkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isibadilike ghafla), uwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Ukiwa chini, pH hurukaruka. Gramu 840 za bikaboneti ya soda huupandisha kwa miligramu 10 kwa lita. Maji ya kisima cha pwani mara nyingi huja nao juu tayari, hivyo usiongeze kwa mazoea.

Kushusha pH, mimina nusu lita ya asidi ya haidrokloriki kwenye ndoo ya maji. Asidi iingie majini, kamwe si maji kwenye asidi. Imwage upande wa kina, pampu ikizunguka, kisha pima tena baada ya saa 4.

pH ikitulia 7.2, sugua kuta zote. Jua likizama (mchana jua huila klorini), weka gramu 800 za klorini ya unga ya asilimia 65, iliyokorogwa kwenye ndoo nyingine kabisa. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu.

Acha pampu ikizunguka usiku kucha. Asubuhi maji yakiwa meupe kama ya mchele, mwani ulioleta kijani umekufa: osha chujio. Asiingie mtu hadi klorini ishuke chini ya miligramu 3 kwa lita.