Mbolea ya alizeti pori kwa mboga za bondeni

Huku Lushoto, mkoani Tanga, alizeti pori imejaa kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba. Watu huifyeka na kuichoma, kisha wanakwenda dukani kulalamikia bei ya mbolea! Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na si ile tunayokamua mafuta. Hii ni kichaka cha kudumu kinachompita mtu kimo. Jani limegawanyika sehemu tatu hadi tano, na ukilisugua, uchungu wake unaganda kwenye vidole hadi wakati wa kula.

1. Kata kabla haijachanua. Chukua majani na ncha laini tu. Shina gumu linachelewa kuoza, na likiwa na mbegu utakuwa umepanda magugu kwenye tuta lako mwenyewe. Usiing'oe. Acha kisiki cha kimo cha goti, kitachipua.

2. Katakata, fukia. Hapa ndipo penye kazi. Kwa tuta la kabichi au nyanya, weka kilo mbili hadi tatu za majani mabichi kwa kila mita ya mraba, uchanganye na udongo wa juu wiki moja au mbili kabla ya kupandikiza. Majani haya huoza haraka. Ukiyafukia mapema mno, mvua za masika zitazamisha chakula chote mizizi isikofika.

Sasa piga hesabu: kwa kipimo hicho ekari moja inataka kama tani kumi. Nani atazibeba mgongoni kupanda mlima? Ndiyo maana mimi naishia kwenye mboga. Kwenye mahindi tia konzi moja shimoni, funika kwa udongo kidogo, ndipo udondoshe mbegu.

Majani yana naitrojeni na potasiamu za kutosha, ila fosforasi ni haba, na udongo wetu mwekundu unaihitaji hasa. Changanya na mbolea ya Minjingu, yenye fosforasi, wakati wa kufukia.

3. Mbolea ya maji. Jaza majani kwenye kiroba, funga, kizamishe kwenye pipa la maji kwa jiwe. Koroga kila siku kwa wiki mbili. Kitanuka vibaya, kwa hiyo pipa likae mbali na jiko, la sivyo mama watoto atalimwaga. Zimua hadi rangi iwe ya chai ya rangi nyepesi, umwagilie shinani jioni.

4. Matumizi mengine. Ni ua zuri, na mbuzi wanaizoea. Wazee huchemsha majani kwa homa na tumbo. Sikupi kipimo: homa ikapimwe malaria kituo cha afya.

Usiipande karibu na msitu wa Magamba. Inaenea, na ikishaingia kuitoa ni shida.