Somo: Kupanga ikwalaiza ya redio ya gari bila kuunguza spika

Swali ni lile lile kila wiki: "Nimeweka spika mpya, mbona sauti haina utamu?" Nimechoka kulijibu mmoja mmoja. Someni hapa. Ikwalaiza ni ile sehemu ya redio inayoongeza au kupunguza bezi, sauti za katikati na sauti kali, kila moja kivyake.

1. Washa injini, funga madirisha, cheza wimbo unaoujua kwa moyo. Mimi hutumia benga: gita la solo, bezi na mwimbaji kila kimoja husikika kivyake, kwa hivyo kimoja kikizama unajua papo hapo.

2. Rudisha mistari yote ya ikwalaiza sufuri. Zima kila kitufe cha kuongeza bezi, pamoja na kile kilichoandikwa LOUD.

3. Spika za milango ziwekee HPF (kichujio kinachopitisha sauti za juu tu) ya Hz 80. Hz ni kipimo cha masafa: namba ndogo ni bezi, kubwa ni sauti kali. Wufa, yaani spika kubwa ya bezi, iwekee LPF (kichujio kinachopitisha sauti za chini tu) ya Hz 80.

4. Hapa ndipo spika zinapofia. Ikwalaiza ni ya kupunguza kwanza. Kuongeza desibeli 3 kunadai nguvu maradufu. Desibeli 6, mara nne. Desibeli 10, mara kumi. Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4 kwa kawaida hutoa kama wati 20 tu za kweli kwa kila spika. Ukiidai kuliko uwezo wake, vilele vya wimbi la sauti hukatwa, sauti hukwaruza, koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) hupata moto, na twita, zile spika ndogo za sauti kali, mara nyingi ndizo hutangulia kuungua. Ukisikia mkwaruzo teremsha sauti hapo hapo, usingoje harufu. Na geini ya ampu (kile kitufe cha kulinganisha kikuza sauti na redio) si kitufe cha sauti! Ukiifungua mpaka mwisho umerudi kwenye shida ile ile.

Basi tafuta kinachokera, ukipunguze kwa desibeli 2 au 3. Sauti ikiwa kama inatoka mtungini, gusa Hz 250. Ikichoma masikio, kHz 3. "S" za mtangazaji zikipiga mluzi, kHz 6 hadi 8.

5. Hifadhi mpangilio wako.

MASWALI

Mdau, Nakuru: Fundi, nipe tu namba za ikwalaiza za gari la Probox.
Jibu: Hakuna. Spika zako si zangu. Soma hatua ya 4.

Mdau, Nakuru: Lakini kuna jamaa amenipangia V, bezi na sauti kali juu, katikati chini, na inabamba.
Jibu: Inabamba sauti ikiwa chini. Ipandishe mpaka kiwango unachosikilizia safarini, halafu niambie kama maneno ya mwimbaji bado yapo. V huzamisha katikati, na maneno yako katikati.

Dada wa Kisumu: Nikiegesha hapa Milimani bezi ni tamu. Nikishika barabara ya Busia inapotea. Kwa nini?
Jibu: Asante kwa kusikiliza kwa makini, dada. Mngurumo wa matairi na injini umejaa masafa ya chini, huko huko bezi inakokaa, kwa hivyo unaifunika. Ukiwa na wufa, ongeza kiwango chake kidogo na uhifadhi mpangilio wa pili wa safari. Kama huna, usikimbilie kuongeza Hz 60 kwenye ikwalaiza. Anza na mlango: ziba matundu ya bati nyuma ya spika na ubandike mati za kuzuia mtetemo. Sauti ya nyuma ya koni (ile sehemu ya spika inayotetema) ikivuja ikakutana na ya mbele, bezi zinauana. Mlango uliozibwa vizuri unashinda ikwalaiza yoyote.

Mdau, Kakamega: Mimi bezi haipo kabisa, hata gari likisimama.
Jibu: Peleka balansi (mgawanyo wa sauti kushoto na kulia) kushoto kabisa. Bezi ikirudi, spika moja imefungwa waya kinyume. Zitoe kwenye waya za redio, kisha kila moja igusishe betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwa chanya. Koni lazima isukumwe nje. Ikiingia ndani, alama zake zimepishana.

Mdau, Bungoma: Samahani kutoka nje ya mada. Redio iliyokuja na gari toka Japani inashika stesheni chache.
Jibu: FM ya Japani ilianzia MHz 76 ikaishia 90. Zetu ziko 88 hadi 108. Fundi atakufungia kipanua bendi kwenye waya wa antena. Stesheni zitaingia ila namba kwenye kioo hazitakuwa zile za kweli. Siku ukiweka redio mpya, kitoe, la sivyo kitaivuruga hiyo mpya.